Kiroba cha Udongo Mlangoni: Kinachozuia na Kisichozuia

Masika yanapokaribia, kiroba kitupu hakitupwi ovyo katika nyumba za mabondeni jijini Dar es Salaam. Kile kilicholeta sembe kinakung'utwa, kinakunjwa na kuwekwa kando hadi siku ya kujazwa udongo na kulazwa mlangoni. Ni kinga ya bei nafuu, haihitaji fundi wala kibali, na hakuna mgeni rasmi anayesubiriwa kuja kuizindua. Pengine ndiyo sababu wapo wanaoiamini kupita kiasi, na wapo wanaoidharau bila kuipa nafasi.

Ukweli ni kwamba kiroba cha udongo kinafanya kazi, ila ni kazi ndogo na ya muda mfupi. Kinachelewesha maji na kuyageuza njia. Maji ya kina kifupi, yanayokwenda taratibu, yanaweza kuishia nje ya kizingiti kwa saa kadhaa. Katika saa hizo mtu anazima umeme kwenye swichi kuu, anapandisha godoro na vyeti juu, anawatoa watoto na wazee. Anayetaka zaidi ya hapo anakidai kiroba kitu ambacho hakina.

Hata kazi hiyo ndogo ina utaratibu wake, na kosa la kwanza hufanywa kwa bidii kubwa. Mtu anajaza kiroba hadi pomoni na kukifunga kwa kamba. Viroba vilivyovimba hivyo vikipangwa vinaachiana matundu, na maji hayangoji kukaribishwa. Kinachotakiwa ni kujaza nusu, au kuzidi nusu kidogo, kisha mdomo ukunjwe na kulaliwa na uzito wa kiroba chenyewe. Kabla ya kupanga, nyasi na takataka zifyekwe, na mstari wa kwanza ukae ndani ya mtaro mfupi uliochimbwa ardhini ili maji yasipenye chini yake. Kila kiroba kikilazwa kinakanyagwa hadi kitulie na kuziba nafasi. Mstari wa juu unapangwa kama matofali, kiungo kisiangukie juu ya kiungo. Mwisho, turubai au nailoni nzito inatandazwa upande wa maji na kubanwa chini na juu. Bila turubai, ukuta wa viroba unavuja tangu dakika ya kwanza.

Udongo nao una mambo yake. Mchanga mtupu unajaa upesi, na maji yanapenya humo upesi vilevile. Mfinyanzi mtupu unazuia maji vizuri, lakini kuuchota ni kazi ya punda na ukilowa unateleza. Udongo wa kichanga wenye mfinyanzi kiasi ndio unaofaa. Takataka hazifai hata kidogo, ingawa viroba vya takataka vinaonekana kwenye kingo nyingi za mito yetu. Zinaelea, zinaoza, na kiroba kikipasuka zinakwenda kuziba mfereji wa jirani. Wapo pia wanaochota mchanga kwenye ukingo uleule wanaotaka kuulinda. Huko ni kumpa mto msaada ambao haukuomba.

Kuhusu kimo, hesabu haina huruma. Ukuta wa viroba unaosimama peke yake unatakiwa uwe na kitako chenye upana mara tatu ya kimo chake, la sivyo maji yanausukuma na kuuangusha. Kwa hiyo kimo kikiongezeka mara mbili, udongo unaongezeka mara nne. Chukua ukuta wa urefu wa mita 10 na viroba vya kilo 20. Kwa kimo cha sentimita 30 unahitaji viroba zaidi ya 100. Kwa sentimita 60 unahitaji zaidi ya 400, yaani tani nane na ushee za udongo, zilizochotwa kwa koleo na watu ambao usiku huo wanatakiwa pia kuokoa vyombo.

Nguvu ya maji nayo inakua kwa mwendo huohuo. Mlango wa upana wa sentimita 90 ukizuia maji ya sentimita 30 unabeba msukumo wa kilo 40 hivi. Maji yakifika sentimita 60, msukumo unakuwa kilo 160. Yakifika mita moja, ni kilo 450. Hapo hatari inahamia kwenye kuta zenyewe. Huko Uingereza wataalamu wanashauri kwamba maji yakipita sentimita 60 nje ya nyumba ya kawaida, ni afadhali yaachwe yaingie, kwa sababu msukumo wa upande mmoja unaweza kubomoa ukuta. Nyumba iliyolowa inakauka, iliyolala chini inajengwa upya.

Wanaosifu viroba hupenda kutaja mji wa Fargo, jimbo la North Dakota nchini Marekani. Machi 2009 wakazi na watu wa kujitolea walijaza viroba kwa mamilioni, na mji ukasalimika mto Red River ulipofikia kilele ambacho haukuwahi kukifikia tangu vipimo vianze. Ni kweli. Lakini mto ule unapita kwenye tambarare na hupanda polepole. Watu walipewa tahadhari siku nyingi mapema, na kulikuwa na malori, wahandisi na mahali pa kujazia. Hata hivyo mji haukubaki kuviabudu viroba. Ulinunua nyumba nyingi za kando ya mto na kuziondoa, na sasa kunachimbwa mfereji wa kugeuza maji wenye urefu wa karibu kilomita 48.

Msimbazi wa Dar es Salaam ni mto wa tabia nyingine. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita kwenye mitaa iliyobanana na kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Mvua kubwa ikinyesha juu, huku chini maji yanapanda kwa saa chache tu, mara nyingi usiku. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwishoni mwa 2015 zikaja alama nyekundu za X kwenye nyumba za mabondeni, kisha bomoabomoa. Ila tusiwaonee wakazi peke yao, kwani hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde hilohilo la Msimbazi, na maji yameitembelea mara kadhaa bila kuuliza hati. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde hilo, kwa ajili ya daraja jipya la Jangwani, kuchimba mkondo na kuhamisha watu. Hiyo ndiyo ngazi ambapo mto unazuiliwa. Kiroba kiko ngazi ya kizingiti.

Hata kwenye kizingiti, mtu akijikinga peke yake ameongeza tatizo mtaani. Maji uliyoyageuza mlangoni kwako hayapotei, yanakwenda kwa jirani. Ndiyo maana mstari wa viroba unatakiwa upangwe na mtaa, chini ya mjumbe au kamati, baada ya kukubaliana maji yapite wapi. Mtaro ukiachwa umeziba, viroba vinageuza uchochoro kuwa bwawa. Na kuna njia inayosahaulika, nayo ni choo. Mlango ukiwa umezibwa barabara, maji machafu yanapanda kupitia tundu la choo na la bafuni. Kiroba kimoja ndani ya nailoni, kikilazwa juu ya kila tundu, kina faida kuliko kumi vya ziada mlangoni.

Mafuriko yakiisha, viroba vilivyolowa si mali ya kurudisha stoo. Vimenywa maji ya mashimo ya vyoo, kwa hiyo vishikwe kwa glovu na vipelekwe mbali na watoto na visima. Ambavyo havikutumika vifunikwe, maana jua hula viroba vya plastiki na baada ya miezi kadhaa vinapasuka ukivinyanyua tu.

Karibu kila nyumba ya mabondeni ina mstari wa hudhurungi ukutani, ulioachwa na mafuriko yaliyopita. Upime kabla ya masika. Ukiwa chini ya goti, jaza viroba sasa hivi pamoja na majirani, usingoje tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukiwa umepita goti, weka vyeti kwenye nailoni, tafuta ndugu aliye mwinukoni, na mvua kubwa ikianza ondoka. Viroba mwachie mwenye maji ya kuzuilika.