Magari-nyumba Marekani: Benchi likiondolewa, mkanda wa usalama huondoka nalo

Kila majira ya baridi, jangwa linaloizunguka Quartzsite, mji mdogo katika jimbo la Arizona nchini Marekani, hujaa magari ya kuishi. Ni magari yenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Kwa Kiswahili twaweza kuyaita magari-nyumba. Baadhi ya waliomo ni watalii wanaoikimbia theluji ya kaskazini. Wengine hawana makazi mengine: ni wastaafu walioshindwa na kodi ya pango, na vibarua wa msimu wanaohama kwa kufuata ajira. Maisha yao yalijulikana duniani kupitia kitabu cha Jessica Bruder, Nomadland, kilichochapishwa mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho, ambayo ilitunukiwa Oscar ya filamu bora mwaka 2021.

Kwa mtu wa namna hiyo, mahali pa kuketi si suala la anasa. Hapo ndipo anapokula, anaposoma na anapompokea mgeni, na mvua ikinyesha siku tatu mfululizo hana sebule nyingine ya kukimbilia. Ndiyo maana miongoni mwa marekebisho yanayofanywa mapema ni kuling'oa benchi la kiwandani na kuweka viti vya kawaida mahali pake. Kazi yenyewe yaonekana ndogo, ya bisibisi na asubuhi moja. Lakini benchi hilo limebeba mambo mengi kuliko mgongo wa mwenye gari.

Baraza la plaiwudi

Mkazi wa Lamu au Unguja angelielewa upesi, kwani linafanana na baraza: limejengwa pamoja na nyumba na halisogezwi. Tofauti ni kwamba baraza ni la mawe, ilhali hili ni sanduku la plaiwudi lililokazwa kwa skrubu sakafuni na ukutani. Kwa kawaida huwa mawili yanayotazamana, na meza katikati. Usiku meza hushushwa hadi usawa wa mabenchi, mito hupangwa juu yake, na sebule ikawa chumba cha kulala.

Chanzo cha usumbufu ni hapo. Mto unaopaswa kuwa godoro usiku lazima uwe bapa, kwa hiyo mchana hauwezi kufuata umbo la kiuno. Egemeo husimama wima, maana likilazwa nyuma litamega nafasi ya kitanda. Hata kina cha kiti hupimwa kwa kitanda, si kwa paja la binadamu. Anayeumwa mgongo baada ya saa mbili za kuketi analipia kitanda ambacho pengine hakijatandikwa tangu gari liliponunuliwa.

Watengenezaji, ambao wengi wao nchini Marekani wamejikusanya katika wilaya ya Elkhart, jimboni Indiana, wana sababu zao. Gari hunadiwa kwa idadi ya watu wanaoweza kulala ndani yake, na lenye nafasi ya watu 6 hung'ara zaidi dukani kuliko la watu 2. Kwamba wanunuzi ni mume na mke ambao watoto wao wamekwisha kuhama nyumbani, hilo halibadilishi ramani ya kiwandani.

Mabenchi yakitoka, viti viwili vya kuegemea na meza nyepesi ya kukunja huweza kuingia mahali pale pale. Njia ya kupita hupanuka, dirisha huonekana, na kiti huweza kugeuzwa kuelekea mwanga. Katika chumba ambacho upana wake haufiki mita mbili na nusu, sentimita 30 zilizookolewa ni mali.

Kilichofichwa chini

Fundi mwenye uzoefu hafungui skrubu hata moja kabla ya kuinua mito na kuchungulia. Chini ya benchi ndiko viwanda huficha tangi la maji safi, pampu, hita ya maji, mabomba ya hewa ya moto, nyaya na kifaa kinachogeuza umeme wa gridi kuwa wa betri. Wakati mwingine benchi limejengwa juu ya tao la gurudumu, ambalo haliondoki kwa namna yoyote. Hapo mwenye gari hulazimika kujenga upya sanduku dogo zaidi, au kukihamisha kifaa na kurefusha mabomba yake, jambo linalozidisha viungo vinavyoweza kuvuja.

Sakafu nayo hutoa siri zake. Zulia huenda liliishia ukingoni mwa benchi, na ubao uliofichika ukawa umelainika kwa maji ya miaka mingi. Kuukaza mguu wa kiti juu ya ubao wa namna hiyo ni kujidanganya.

Kisha kuna mlango, ambao ni mwembamba kuliko wa nyumba. Kochi lililopendeza dukani huenda lisipite, na wapo waliolazimika kuondoa dirisha ili kuliingiza. Kiti ambacho egemeo lake hutenganishwa huepusha balaa hilo.

Pale sheria inapomwachia mwenye gari

Suala zito kuliko yote ni mkanda wa usalama. Katika magari-nyumba mengi, benchi la mezani ni kiti halali cha safari, na mikanda yake imefungwa kwenye chuma kilichoungwa na fremu ya gari. Kanuni za shirikisho la Marekani zinataka nanga za mkanda wa kiunoni zihimili mvuto wa pauni 5,000, sawa na uzito wa zaidi ya tani mbili. Skrubu iliyopenyezwa kwenye plaiwudi haikaribii kiwango hicho.

Sheria ya nchi hiyo inawakataza wauzaji na karakana kukiharibu kwa makusudi kifaa cha usalama kilichowekwa kwa mujibu wa kanuni. Haimkatazi mmiliki anayejifanyia kazi hiyo mwenyewe. Uhuru huo una bei yake: mjukuu akija kutembea, hana tena mahali salama pa kuketi gari likiwa mwendoni, na huenda asiwepo mkaguzi wa kulisema hilo. Ujerumani ni kinyume. Huko idadi ya viti vya safari imeandikwa katika hati ya usajili, na anayeviondoa au kuviongeza hutakiwa kulipeleka gari kwa mkaguzi aliyeidhinishwa ili hati isahihishwe.

Kiti kitupu nacho ni hatari. Abiria wa daladala aliyewahi kukalia kiti kilicholegea bolti anaijua hofu hiyo. Gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kiti cha kilo 25 kisichofungwa huruka mbele kwa kasi ambayo kingekuwa nayo kama kingeangushwa kutoka kimo cha mita 10 hivi. Kwa hiyo hata viti visivyokaliwa safarini hufungwa kwa mikanda ya mizigo kwenye pete zilizokazwa sakafuni. Vitambaa pia vina kanuni: vya ndani ya gari havipaswi kuungua kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika, kipimo ambacho kochi la nyumbani halikutengenezwa kwa kukizingatia.

Uzito hupimwa kwa mizani, si kwa makisio. Kochi lenye vyuma vya kuegemea huweza kuwa zito kuliko sanduku la plaiwudi lililotolewa, na likiwekwa upande mmoja huliinamisha gari kama jahazi lililopakiwa vibaya. Barani Ulaya kilo chache huweza kuleta kesi, kwa kuwa leseni ya kawaida imekuwa ikiishia kwenye magari ya kilo 3,500.

Wenye ghala hulihifadhi benchi la zamani pamoja na skrubu zake, kwa ajili ya mnunuzi wa baadaye mwenye watoto. Wale wa Quartzsite ambao gari ndilo nyumba yao pekee hawana pa kuliweka.