FIMBO YA MBALI YAUA NYOKA

Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Sina nia ya kubishana na wazee, lakini mwaka jana nilimwona nyoka akiuawa kwa fimbo iliyokuwa Nairobi, kilomita 60 hivi kutoka hapa Machakos. Hebu nikusimulie, kisha nikueleze.

Ilikuwa Ijumaa. Fomu za basari zilitakiwa kurudishwa kabla ya saa kumi na moja jioni, na bila ripoti ya mtihani fomu haipokelewi. Mama alikuwa ameacha mboga zake sokoni, ameketi nje ya ofisi akinisubiri. Alama zetu zote zilikuwa ndani ya seva, yaani tarakilishi kuu inayohifadhi kazi za tarakilishi nyingine. Programu ya alama ikagoma. Chumba cha seva kilikuwa kimefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa safarini! Mwalimu akampigia simu fundi.

"Pole Mwalimu," fundi akajibu, "nakataliwa kuingia. Naambiwa nafasi zimejaa."

Zimejaaje na hakuna mtu? Seva hiyo ilikuwa kuukuu, ikitumia Windows Server 2003. Seva ya aina hiyo huruhusu wasimamizi wawili tu kuingia kutoka mbali kwa wakati mmoja. Kumbe watu wawili walikuwa wameingia siku zilizotangulia, wakafunga dirisha tu bila kutoka rasmi. Ukifanya hivyo, kikao chako hubaki ndani ya seva na nafasi yako huendelea kuhesabiwa.

Fikiria matatu ambayo abiria wameshuka wakaacha mizigo vitini. Kondakta atasema gari limejaa. Lakini kiti kimoja hakihesabiwi pamoja na vya abiria, nacho ni kiti cha dereva. Katika seva hii kiti hicho ni konsoli, yaani kikao cha mtu anayeketi mbele ya skrini na kibodi ya seva yenyewe. Kikao hicho ni nambari 0, na msimamizi anaweza kukikalia hata akiwa mbali. Zamani aliandika mstsc /console. Tangu mwaka 2008 huandikwa mstsc /admin. (Katika seva zilizofuata, kikao 0 kimeachiwa programu za ndani pekee.)

Basi fundi akaandika amri hiyo, akatoa neno lake la siri, akaingia. Akaviondoa vile vikao viwili vilivyolala, akaanzisha upya programu ya alama. Saa kumi na robo ripoti yangu ilikuwa imechapishwa na kupigwa muhuri. Mama hakusema neno. Aliikunja vizuri, tukashika njia mbio mbio. Fomu ikapokelewa.

Hata hivyo, kizuri hakikosi kasoro. Njia anayopitia fundi, mwizi naye anaweza kuipitia. Zamani watu walitumia Telnet, ambayo husafirisha neno la siri likiwa wazi kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo chake, Tatu Ylönen wa Ufini alibuni SSH, ambayo hufumba kila kitu njiani. Windows nayo hupokea wageni kwa mlango nambari 3389, na wezi wa mitandao huubisha mlango huo usiku na mchana. Isitoshe, Windows Server 2003 iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 14 Julai 2015. Kuendelea kuitumia ni kulala katika nyumba yenye kufuli bovu. Kwa heshima, naomba walimu wetu walifikirie hilo, kwa maana humo ndimo zilimo alama zetu.

Nawe mwanafunzi mwenzangu, ukiingia katika tarakilishi yoyote ya watu wengi, usifunge dirisha ukaenda zako. Mgeni mwema hupiga hodi akija, na huaga akiondoka. Pengine nyuma yako yuko mama wa mtu, ameketi nje, anasubiri.