Uzi wa Nairobi na New York: Utangulizi wa Elimu ya Umbali

Mwanafunzi wa Kedowa, chukua tufe la dunia, lile linalokaa juu ya kabati la walimu, na kipande cha uzi. Ncha moja ishike Nairobi, nyingine New York, kisha vuta mpaka ukaze. Rula juu ya ramani ya ukutani ingekupitisha Nigeria na Mali. Uzi unakataa. Unashika kaskazini-magharibi, unapita karibu na Londiani, kilomita kumi na kitu kutoka kwenu, unavuka Ikweta, halafu Sudan Kusini, Chad na Algeria, hadi jirani na Marrakesh ndipo uingie Atlantiki. (Kedowa yenyewe hutaiona kwenye tufe, hesabu ndiyo inayoifichua.)

Njia hiyo ni sehemu ya duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Hakuna njia fupi kuliko hiyo. Ramani bapa tusiilaumu: Gerardus Mercator alichora yake mwaka 1569 ili baharia ashike pembe moja ya dira safari nzima. Umbali haukuwa shida yake.

Aliyefika kidato cha nne akasoma latitudo na longitudo ana vifaa vyote. Kwenu, hatua chache kusini mwa Ikweta, digrii moja ya longitudo ni kilomita 111 hivi. New York digrii hiyohiyo imesinyaa hadi 84. Kwenye duara kuu, miji hii miwili imeachana digrii 106 na nusu, takriban kilomita 11,800.

Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja kati ya miji hii, tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba ilionyesha kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Umbali ni uleule, ila upepo wa magharibi humzuia anayekwenda na kumsukuma anayerudi. Tena rubani hufuata njia za anga alizopangiwa na kukwepa dhoruba, kwa hiyo usikeshe Londiani ukiingoja ndege.

Swali la mwelekeo kati ya mji na mji ni kongwe kuliko ndege. Al-Biruni, katika karne ya 11, aliandika kitabu kizima cha kubaini mahali miji ilipo, na mojawapo ya malengo yake lilikuwa kupata kibla cha Ghazna. Mswahili aliyehamia New York leo huswali akielekea kaskazini-mashariki, ingawa Makka iko kusini zaidi ya mji huo. Wapo wanaobishana naye. Mpe uzi na tufe.

Na tufe nalo si la kuaminiwa sana. Dunia imebonyea: kutoka kitovuni hadi Ikweta ni kilomita 6,378, hadi ncha ni 6,357. Kwa safari ya New York, kosa halifiki asilimia moja. Anayepima mpaka wa nchi hawezi kulivumilia, na sura ya kwanza inaanzia kwake.