Mbwa Hakuwa na Kosa

Maneno machache kwa vijana wanaokaa wawili wawili mjini, na kwa wazazi wanaowatuma

Msomaji mpendwa, labda wewe unakaa kijijini, katika kibanja chako mwenyewe, na migomba imekuzunguka pande zote. Jirani yako akiimba usiku, sauti yake hukufikia kwa mbali tu. Mbwa wako hulala nje, na akichafua, huchafua chini ya mgomba, wala hakuna anayeudhika. Lakini mwanao aliyemaliza shule kesho atakwenda Bukoba kutafuta kazi au kujifunza ufundi. Huko hatapata kibanja. Atapata chumba, tena chumba cha kugawana na mwingine, maana kodi ni kubwa na mfuko wake ni mdogo. Kwa ajili yake, na kwa ajili yako wewe unayemtuma, naandika habari hii. Ni habari yangu mwenyewe, wala si ya kujisifu.

Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi mchana, nchi yetu ya Kagera ilitetemeka. Watu zaidi ya 10 walifariki, na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka. Mjini Bukoba vyumba vya kupanga vikawa adimu. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu, nami nilikuwa nimeanza kazi ya ukarani katika parokia. Chumba changu kilipata ufa ambao mkono ungeweza kupita. Basi mwezi wa Oktoba nikahamia Miembeni, katika nyumba ya mama mmoja mjane, nikagawana vyumba viwili na kijana wa rika langu tuliyejuana katika kwaya. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye sauti nzito nzuri, na alifanya biashara ndogo ya nguo kati ya Bukoba na Muleba. Nikasema moyoni, "Huyu ni mtu wa kwaya, tutaelewana tu."

Hatukuulizana swali hata moja.

Mambo madogo madogo

Ugomvi wa nyumbani hauanzi na panga. Huanza na sufuria. Mwenzangu alipika, akala, akaacha sufuria na ukoko wake mpaka kesho kutwa. Nilijaza ndoo mbili za maji alfajiri. Nikirudi jioni nakuta ndoo tupu, naye amekwisha oga na kwenda zake. Mkaa nilinunua mimi, chai walikunywa rafiki zake. Redio ililia mpaka saa sita za usiku, na mimi asubuhi yanipasa kufungua ofisi mara baada ya Misa.

Je, nilimwambia? La. Nilinyamaza, nikajiona mtakatifu. Niliosha sufuria yake kwa kuigonganisha na nyingine ili asikie. Niliweka ndoo mlangoni ili ajikwae. Nilieleza habari zake kwa makarani wenzangu, kwa waimbaji, hata kwa fundi wa baiskeli. Mji mzima ulijua kosa lake, isipokuwa yeye mwenyewe.

Kisha akaja Simba.

Mgeni wa miguu minne

Mwanzoni mwa Novemba mwenzangu alirudi kutoka Muleba na kitu kinachotikisika ndani ya koti. Alikuwa mtoto wa mbwa, wa rangi ya udongo, mwenye tumbo kubwa na miguu myembamba. Hakuniuliza. Alisema tu, "Tazama, mlinzi wetu! Jina lake Simba." Simba huyo akakojoa papo hapo juu ya mkeka wangu.

Wewe unajua mvua za Bukoba. Kwa mwaka mzima hunyesha karibu milimita 2,000, na mwezi wa Novemba wingu halibanduki juu ya ziwa. Godoro likilowa leo, halikauki leo wala kesho. Simba alilowesha godoro langu mara tatu katika juma moja. Mwenzangu alikwenda Muleba siku mbili, akamfungia ndani bila neno. Mbwa akalia usiku kucha, akatafuna kandambili, akararua daftari la mahesabu yangu. Nilipofungua mlango asubuhi, harufu ilinipokea kabla yake.

Mwishoni mwa mwezi huo mama yangu alinitumia senene kutoka kijijini, waliokwisha kaangwa vizuri, wamefungwa katika jani la mgomba. Msomaji wa kwetu hana haja ya kuelezwa thamani ya senene wa mama. Niliwaweka juu ya kiti, nikaenda kusali rozari kwa jirani. Niliporudi, nilikuta jani tupu, na Simba amelala chali, tumbo juu, kama bwana mkubwa baada ya karamu.

Siku hiyo nilimpiga kwa fimbo. Nasema bila kuficha, kwani ndilo kosa langu kubwa kuliko yote ya mwenzangu. Senene walikuwa wameliwa saa nzima kabla. Mbwa hajui habari ya saa iliyopita. Alijua tu kwamba mtu aliyeingia mlangoni ni mtu wa fimbo. Tangu hapo, mkono wowote ulipomjia upesi, alionyesha meno.

Mtoto aliumwa

Juma la pili la Desemba, mjukuu wa mama mwenye nyumba, mtoto wa miaka sita, alinyosha mkono kumnyang'anya Simba mfupa. Simba akamwuma kiganjani. Jeraha lilikuwa dogo, lakini damu ilitoka. Mama akapiga kelele, akaja mbio, akauliza swali moja tu: "Wanangu, mbwa huyu amechanjwa?"

Tukatazamana, mimi na mwenzangu. Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa.

Kumbuka vizuri maneno haya, yanaweza kuokoa nyumba yako. Kichaa cha mbwa huenezwa na mate ya mnyama mgonjwa, naye huweza kuwa nayo katika mate hata kabla hajaonyesha ukali. Ugonjwa huo hufuata mishipa ya fahamu mpaka ubongo. Ukisha kuonyesha dalili zake kwa mtu, kama kuogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, dawa ipo. Tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja kule Ufaransa mtoto Joseph Meister, wa miaka tisa, aliyeumwa na mbwa, watu wengi mno wameokolewa. Hata hivyo hukadiriwa kwamba watu 59,000 hivi hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia. Na katika watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, karibu 4 ni watoto walio chini ya miaka 15, kama mjukuu yule.

Basi mtu akiumwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa robo saa. Usipake majivu, wala kahawa, wala majani. Kisha nenda hospitali siku ile ile, usingoje kuona mbwa atakuwaje. Ndivyo tulivyofanya, kwa bahati njema mama yule alijua. Mtoto alipata sindano ya kwanza siku hiyo, na nyingine kwa tarehe alizoandikiwa. Simba alifungwa uani, akaangaliwa siku 10. Siku hizo zilikuwa ndefu kuliko Kwaresima. Kila asubuhi mama alitoka nje kumtazama kama anakunywa maji, nasi tulisimama nyuma yake kimya. Siku ya kumi Simba alikuwa mzima, anatikisa mkia. Mama akafanya ishara ya msalaba, akaingia ndani kupika.

"Mbona hukuniambia?"

Jioni ya ile siku mtoto alipoumwa, tulirudi kutoka hospitali, tukakaa gizani bila kuwasha taa. Hapo ndipo nilipofungua kinywa, nikamwaga yote: sufuria, ndoo, mkaa, redio, godoro, senene. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Ndugu yangu, mbona hukuniambia? Kwetu tulizaliwa tisa. Anayekuta maji huoga, anayekuta chai hunywa. Nilidhani nasi tumekuwa hivyo."

Nilikosa la kusema. Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 18, anatuagiza kwamba ndugu akitukosa tumwendee kwanza sisi wenyewe, yeye na mimi tu, kabla ya kuwaita wengine. Nilikuwa nimeisikia Injili hiyo mara nyingi. Nami niliifuata kinyume: niliwaendea wengine wote kwanza, na yeye mwisho, tena baada ya mtoto wa watu kumwaga damu. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kazi yangu ni kushika vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Wachumba wawili wanaopendana hawafungi ndoa hivi hivi. Huulizwa maswali kila mmoja peke yake, na majina yao hutangazwa kanisani. Kanisa halifanyi hivyo kwa kuwa halina imani na mapendo. Linajua kwamba watu wawili chini ya dari moja wana mengi ya kuelewana kwanza. Nao Mapadre Weupe, waliofungua misioni ya Kashozi mwaka 1892, mwanzilishi wao Kardinali Lavigerie aliwawekea kanuni wasikae pungufu ya watatu katika nyumba moja, na maisha yao ya pamoja yalikuwa na taratibu zake. Ikiwa mapadre walihitaji taratibu, vijana wawili wa kwaya ni nani?

Usiku ule tuliandika katika daftari, lile lile lililoraruliwa. Nani huteka maji siku gani. Mkaa na sabuni tuchange nusu kwa nusu. Chombo kioshwe kabla ya kulala. Redio izimwe saa nne. Mgeni wa kulala, wa miguu miwili au minne, asiingie pasipo wote wawili kukubali. Gharama za safari za hospitali tulizigawana, kwani yeye ndiye aliyemleta mbwa, na mimi ndiye niliyempiga. Kisha tukaenda wote wawili kwa mama mwenye nyumba kumwomba msamaha. Alitukemea kwanza, akatupa ndizi baadaye.

Kumfundisha mbwa

Simba naye aliingia shuleni. Chuoni tulifundishwa kwamba kosa la mwanafunzi lisahihishwe papo hapo na jema lisifiwe papo hapo. Nilishangaa kuona sheria hiyo yamfaa mbwa pia. Mbwa mchanga hawezi kujizuia kwa saa nyingi. Mtoe nje kila anapoamka, kila baada ya kula, na kabla ya kulala, mpeleke mahali pale pale. Akifanya huko, msifu mara hiyo hiyo, umpe kipande kidogo cha dagaa. Akikosea ndani, safisha kwa maji na siki harufu iishe, maana hurudia penye harufu yake. Usimpige. Usimfungie peke yake siku nzima. Mpe kitu chake cha kutafuna, naye ataacha kandambili zako. Usimtoe kwa mama yake kabla ya majuma 8. Na akifika miezi mitatu, mpeleke kwa bwana mifugo achanjwe, kisha arudiwe kila atakapoambiwa.

Tena ujue kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama. Lakini kwa Mkristo kuna zaidi ya sheria. Katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia aliposafiri pamoja na malaika Rafaeli, mbwa alifuatana nao njiani. Mbwa aliyestahili kutembea na malaika hastahili fimbo ya mtu mwenye hasira za senene.

Katika majuma matano hivi Simba alijua mlango. Mwaka uliofuata mwenzangu alihamia Muleba, akamchukua. Yule mjukuu, mwenye alama ndogo kiganjani, ndiye aliyelia siku ya kuagana.

Kwa wazazi

Baba na mama, mnapomfungia mwanenu mzigo wa kwenda mjini, mnamtilia ndizi, maharagwe, na rozari. Mmefanya vema. Mtilieni na haya: kabla ya kuhamia kwa mwenzake aulize habari ya maji, moto, kelele, wageni, na fedha. Jambo likimchoma, aliseme siku ile ile, kwa upole, kwa mhusika mwenyewe. Na amfundishe mapema kila alichokichukua kukilea. Samaki mkunje angali mbichi: ndivyo kwa mbwa, na ndivyo kwa urafiki pia.

Nawe ikiwa leo una mbwa kibanjani ambaye hajachanjwa, usingoje mjukuu wako aumwe ndipo uulizwe swali lile. Mpeleke juma hili.