Hukumu ya Kumhamisha Mwalimu Bila ya Ridhaa Yake

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake.

Ama baad. Taasisi ina skuli katika miji mbalimbali. Mwalimu aliyeajiriwa kusomesha katika mji mmoja anapewa barua katikati ya mwaka, ahamie mji wa mbali. Nyumbani ana mzazi mgonjwa. Akikataa, huambiwa amevunja mkataba na mshahara wake huzuiliwa. Je, ni nani hasa aliyevunja mkataba?

Kazi ya mwalimu imo katika mlango wa Ijara. Ijara haisihi mpaka ijulikane manufaa, muda na ujira. Mahali pa kazi huingia katika kuijua manufaa hiyo, kwani kusomesha mtu akiwa kwake na kusomesha ugenini si mzigo mmoja. Basi hali ni tatu:

1. Mkataba umetaja mahali. Hapo hahamishwi ila kwa makubaliano mapya. Aya ya kwanza ya Suratul Maida imeamrisha kutimiza mikataba, na amri hiyo inamfunga mwajiri kama inavyomfunga mwajiriwa.

2. Mkataba umeruhusu uhamisho. Hapo sharti hufuatwa, kwa hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi kwamba Waislamu wako katika masharti yao. Mwalimu akikataa bila ya udhuru, yeye ndiye mwenye makosa. Lakini uhamisho wa kumkomoa mtu ni dhara, na dhara imekatazwa.

3. Mkataba umenyamaza. Hapo hurejewa ada, kwani lililozoeleka huhesabiwa kama lililoshurutishwa. Kutoka mtaa hadi mtaa wa pili kwaweza kuwa ni ada. Kuhama mji na familia ni jambo jengine.

Ama mshahara, siku alizokwisha kusomesha ni haki yake kwa hali yoyote. Zaidi ya hayo, Majallatul Ahkam, sharia za dola ya Uthmaniya zilizotungwa kwa madhehebu ya Hanafi, imeeleza kuwa aliyeajiriwa peke yake kwa muda maalumu hustahiki ujira akihudhuria tayari kwa kazi, hata asipopewa kazi. Kwa hivyo anayehudhuria pale palipoafikiwa hahesabiwi mtoro.

Tutazame walivyofanya waliotutangulia. Ibn Saad amepokea katika Tabaqat kuwa Yazid bin Abi Sufyan alimwandikia Sayyidna Umar (R.A.) kutaka walimu wa watu wa Sham. Umar aliwaita Maanswari watano, akataka watatu, akawaachia wapige kura au wajitolee. Abu Ayyub alisamehewa kwa uzee na Ubayy bin Kaab kwa maradhi. Wakaenda Muadh bin Jabal, Ubada bin Samit na Abu Dardai. Haja ya umma ilikuwa kubwa, na juu ya hivyo udhuru ulisikilizwa.

Hata sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inataka mahali pa kazi paandikwe, na pakibadilika mwajiriwa ashauriwe na ajulishwe kwa maandishi.

Basi wenye kamati waandike mahali pa kazi, masharti ya uhamisho na nani atalipa nauli, kabla ya kutia saini. Naye mwalimu asome kabla ya kukubali. Mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa (A.S.), alitaja muda, kisha akamhakikishia kuwa hataki kumtaabisha (Al-Qasas, aya ya 27). Huo ndio mwenendo wa mwajiri mwema.

Wallahu aalam.