Kabla ya vuli, toa tope kwenye tangi la mvua, lakini usimtume mtoto

Ukifungua koki ya tangi la mvua mwezi Agosti, maji hutoka kidogo lakini meupe. Mzazi huyaona ni salama, akamkingia mtoto kikombe. Kinachobaki chini ya koki hakionekani: tope laini lililojikusanya tangu masika, pengine tangu mwaka juzi.

Kwa familia za Ngara na Biharamulo, tangi ni msaada mkubwa. Nchi ni ya vilima, na chemchemi nyingi ziko mabondeni. Kaya yenye bati, gata na simtanki humpunguzia mtoto safari ya kupanda mlima na dumu kichwani kabla ya shule. Ndiyo maana tangi linastahili kutunzwa.

Tope linatoka wapi?

Kati ya Juni na Agosti mvua huwa haba. Vumbi la barabara za udongo, masizi ya kuni, majani makavu na vinyesi vya ndege, mijusi na popo hubaki juu ya bati. Mvua ya kwanza ya vuli huviosha vyote na kuviingiza tangini. Vizito hutua chini, maji ya juu yakabaki yanang'aa.

Hatari huja maji yanapokaribia kuisha, au mvua kubwa inapoingia kwa nguvu na kulitibua tope. Vinyesi hivyo vinaweza kubeba bakteria wanaoharisha watoto, kama salmonela. Tope pia hupunguza nguvu ya dawa ya maji, kwa sababu klorini huishia kupambana na uchafu kabla ya kuwafikia vijidudu. Kuhara bado ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano duniani.

Asiingie mtoto

Mlango wa simtanki ni mdogo. Kwa kuwa mtu mzima hapiti kwa urahisi, wapo wanaomwingiza mtoto na brashi mkononi. Mzazi, usifanye hivyo.

Tope linalooza hutumia hewa ya oksijeni na linaweza kutoa gesi zenye sumu. Tangi au kisima cha chini ya ardhi ni hatari zaidi, maana hewa mbaya haina pa kutokea. Mtu anaweza kuzirai ndani bila hata kupata muda wa kuita, na anayeruka kumwokoa akaanguka naye. Mvuke wa dawa ya klorini nao huchoma macho na mapafu. Pampu ya petroli isishushwe ndani kabisa, kwa sababu moshi wake unaua.

Safisha ukiwa nje

Chagua siku ya mwisho wa kiangazi, tangi likiwa na maji kidogo. Kinga kwanza maji masafi ya juu kwenye ndoo na madumu.

Kama tangi lina plagi chini, ifungue na uache tope litoke. Kama halina, tumia mpira wa maji. Funga ncha moja kwenye mti mrefu ili ifike chini. Jaza mpira wote maji, ziba ncha zote mbili, ushushe ile yenye mti tangini, kisha achia. Ncha ya nje lazima iwe chini kuliko sakafu ya tangi ili maji yavutwe. Usiyanyonye kwa mdomo. Sogeza mti taratibu kama anayefagia. Ukivuruga, tope litapanda juu.

Baada ya hapo sugua kuta kwa brashi yenye mpini mrefu, suuza, na utoe maji hayo kwa njia ileile. Tangi dogo likiwa tupu, watu wazima wawili wanaweza kulilaza na kulisuuza. Kwa tangi la chini ya ardhi, tafuta fundi mwenye vifaa. Kuhusu kipimo cha klorini ya kuua vijidudu tangini, muulize afisa afya wa kata, ukimtajia ujazo wa tangi. Kamwe usichanganye dawa ya klorini na tindikali ya kusafishia choo. Hutoa gesi ya sumu.

Mvua ya kwanza imwage

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 5 hupata lita 20, yaani ndoo kubwa moja, kwa nusu milimita tu. Maji hayo ndiyo yanayoosha bati. Geuza bomba la gata pembeni hadi angalau ndoo hiyo imwagike, na baada ya kiangazi kirefu ongeza ndoo nyingine mbili. Fagia gata mapema, weka wavu kwenye mlango wa tangi, na funika vizuri ili mbu wasizaliane.

Hata tangi likiwa safi, maji ya kunywa ya mtoto yachemshwe hadi yatokote au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS mara kwa mara, endelea kumnyonyesha au kumlisha, na umpeleke zahanati apewe pia zinki, ambayo hutumika siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Usisubiri kesho ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, amelegea, au anashindwa kunywa.