Ubinafsi, Kujitolea na Kuomba: Maneno Matatu Katika Kiswahili cha Lodwar na Kakuma

Miongoni mwa maneno ya lawama katika Kiswahili, ubinafsi ni neno lenye ukoo wa ajabu. Limejengwa juu ya binafsi, nalo binafsi limetokana na Kiarabu, ambamo maana yake ni "kwa nafsi yake". Binafsi lenyewe halimlaumu mtu. Mzee aliyekwenda binafsi kwa mkwewe amekwenda mwenyewe bila kutuma mjumbe, na hilo ni jambo la heshima. Ni kiambishi u- kinacholigeuza neno kuwa kosa. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ubinafsi ulihesabiwa kuwa adui wa ujamaa, na mwenye kuishi kwa jasho la wengine akaitwa kupe. Katika miaka ya 1990 dola iyo hiyo iliyoulaani ubinafsi iliyauza mashirika yake ya umma kwa jina la ubinafsishaji, neno la shina lile lile, na hapakuonekana aliyeona haya kwa sababu ya sarufi.

Uchoyo ni neno la namna nyingine. Ni neno la nyumbani. Mchoyo ni yule anayefunika chungu asikiapo hodi. Ni mwenye mkono wa birika. Ili kumwita mtu mbinafsi yatosha kukisia nia yake, na mhubiri aweza kuwalaumu hivyo watu elfu moja ambao hajapata kula kwao. Lakini kumwita mtu mchoyo ni ushahidi: anayesema hivyo aliomba, akanyimwa. Basi uchoyo hauwezi kufafanuliwa pasipo kitenzi omba, na kitenzi hicho ndicho kinacholeta utata mkubwa katika miji miwili ya Turkana inayozungumziwa hapa.

Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, uko kando ya mto Turkwel. Kakuma uko kadiri ya kilomita 120 kaskazini-magharibi, kwenye barabara iendayo Lokichoggio. Lugha ya wenyeji ni Kiturkana. Kiswahili kilifika huko zaidi kama lugha ya askari, karani, mfanyabiashara na mfungwa. Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini Lodwar tangu mwaka 1959 hadi 1961. Mwaka huo wa 1961, wakati wa njaa kali, ndipo walipoingia mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick lenye makao yake Kiltegan, Ireland. Kazi yao ilikuwa mwanzo wa kile kilichokuja kuwa Jimbo Katoliki la Lodwar, lililopata hadhi hiyo mwaka 1978 chini ya Askofu John Mahon. Hivyo kwa Waturkana wengi wa kizazi kile, msaada, mgao, huduma na mradi yalikuwa maneno ya mtu mwenye ufunguo wa ghala.

Mgeni akifika Lodwar hakawii kuombwa. Huombwa tumbaku, maji, shilingi, pengine hata shati alilolivaa, na huombwa na watu ambao hata kwa mavazi yao hawaonekani kuwa maskini. Maofisa wengi waliohamishiwa huko kutoka sehemu nyingine za Kenya wamerudi makwao wakisema kwamba Waturkana ni ombaomba. Hukumu hiyo imesemwa kwa miaka mingi, imeingia katika mizaha ya ofisini, na imewadhuru wenyeji kuliko inavyodhaniwa, kwani ni rahisi kumpuuza mtu ambaye tayari ana jina.

Yafaa neno lenyewe lichunguzwe. Kuomba katika Kiswahili si aibu. Mtu huomba radhi, huomba ruhusa, huomba uchumba, tena humwomba Mungu. Lawama imo katika kule kurudiwa kwa shina. Kama vile kutangatanga ni kwenda bila kituo na kugusagusa ni kugusa bila haja, ombaomba ni mwenye kuomba bila mpaka na bila uhusiano na anayeombwa. Sasa, Kiturkana nacho kina kitenzi akilip, ambacho kama omba hubeba maana mbili: kumwomba mtu kitu na kumwomba Akuj, yaani Mungu. Lugha hizi mbili hazina undugu wowote, moja ni ya Kibantu na nyingine ni ya Kinailoti, lakini zimekutana katika jambo hili. Zinapoachana ni pale anapotafutwa wa kulaumiwa.

Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika kitabu chake The Family Herds kilichotolewa mwaka 1955, alieleza jinsi mwenye mifugo wa Kiturkana anavyozungukwa na mduara wa watu: jamaa, wakwe, na marafiki waliopeana wanyama. Hao ana haki ya kuwaomba, nao wana haki ya kumwomba, hasa wakati wa mahari, ambayo kwa Waturkana ni kubwa sana. Sababu yake yaeleweka kwa yeyote aijuaye nchi ile. Mvua hunyesha bonde moja ikaruka la pili. Maradhi au wavamizi huweza kumwacha tajiri bila kitu kwa usiku mmoja. Mwenye kuweka mbuzi na ngamia wake wote katika zizi moja atafilisika siku moja. Aliyewatawanya kwa kuwapa wenziwe atakuwa na mahali pa kwenda. Naye ataomba bila kuinamisha kichwa, kwa maana ombi lake ni kumbukumbu ya alichotoa, au ahadi ya atakachotoa.

Tukio lile lile, basi, husomwa kwa namna mbili. Ofisa huhesabu maombi. Mturkana huhesabu uhusiano. Kwa wa kwanza, mwenye ubinafsi ni anayeomba kila siku. Kwa wa pili, wa kutiliwa shaka ni yule ambaye miaka mitatu amekaa mjini na hajamwomba mtu chochote, kwani asiyeomba ametangaza kwamba naye hataki kuombwa. Ikiwa ubinafsi ni kujitenga na wengine ili mtu abaki na chake, ni vigumu kuonyesha kwamba maana hii ya pili iko mbali zaidi na shina la neno kuliko ile ya kwanza.

Kilichouharibu utaratibu huu si ukame peke yake, bali pia msaada wenyewe. Njaa ya mwaka 1979 hadi 1981, ambayo Waturkana huikumbuka kwa jina la Lopiar, iliwakusanya maelfu ya watu katika vituo vya chakula, na mwaka 1980 ukaanzishwa mradi wa kuwasaidia kujikimu upya, ambao kwa muda mrefu uliendeshwa kwa utaratibu wa chakula kwa kazi. Hapana shaka kwamba watu wengi waliokolewa. Lakini mfadhili ni mtu wa aina mpya katika mduara ule: huombwa, ila yeye haombi kamwe. Hana mkwe, hana zizi, wala hatakuja kutaka mbuzi mwaka ujao. Ombi linaloelekezwa kwake halina jibu la kurudishwa, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, neno ombaomba linapoanza kupata ukweli fulani. Ukweli ulioumbwa na ghala.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, walipopokewa wakimbizi kutoka Sudan, wengi wao vijana waliotembea bila wazazi. Waandishi kadhaa wa ng'ambo wameeleza kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "mahali pasipokuwa popote". Hakuna Mswahili anayelijua neno hilo. Ni mfano mzuri wa mgeni kulipa eneo maana anayoitaka yeye, huku wenyeji wenye mji, malisho na makaburi yao hapo wakiwa hawajaulizwa. Leo kambi hiyo pamoja na makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa karibu miaka ya 2015 na 2016, ina watu yapata 300,000, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Shule hufuata mtaala wa Kenya, kwa hiyo Kiswahili hufundishwa. Wakongo na Warundi nao wamekuja na Kiswahili chao.

Katika lugha ya kambi maneno mawili yanastahili kutazamwa. La kwanza ni Bamba Chakula, jina la utaratibu wa malipo kwa simu ulioanzishwa Kakuma mwaka 2015 ili familia zijinunulie sehemu ya chakula badala ya kupewa chote ghalani. Kubamba, katika lugha ya vijana wa mijini, ni kukamata au kunasa. Kabla ya hapo neno lilikuwa mgao, lenye maana ya kitu kilichogawanywa na mtu mwenye kugawa. Katika bamba mgawaji ametoweka, amebaki mwenye kunyakua. Jina lilichaguliwa kwa nia ya kuchangamsha, nalo lilipendwa. Hata hivyo, si kila siku chakula cha msaada hupewa jina la mbio.

La pili ni kujitolea. Wakimbizi wamefundisha darasani, wametafsiri hospitalini na kuhudumu katika ofisi za mashirika kwa miaka mingi. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 haikuwa rahisi kwao kupata kibali cha kazi, na ingawa sheria mpya ya mwaka 2021 imepanua haki zao, desturi imeendelea. Wanacholipwa hakiitwi mshahara bali motisha, nacho ni kidogo mno kikilinganishwa na mshahara wa Mkenya afanyaye kazi iyo hiyo. Huambiwa kwamba wanajitolea. Hapa sarufi inatoa ushahidi. Kiambishi ji- hakibagui: hujenga kujipenda, kujikweza na kujinufaisha, na hujenga pia kujinyima, kujihini na kujitoa mhanga. Kinachoamua ni kitenzi, pamoja na hiari ya mtendaji. Mtu hujitolea pale ambapo angeweza kutojitolea bila kupoteza mkate wake. Mwalimu ambaye hana kazi nyingine inayoruhusiwa, na ambaye watoto wake hula kwa motisha ile, hajajitolea, ametolewa. Kumwita mwenye kujitolea ni kumpa sifa badala ya haki, na sifa ni rahisi kuliko mshahara.

Kwa upande wa wenyeji na wageni wao, mtaalamu wa Kijapani Itaru Ohta, aliyeishi na Waturkana wa sehemu hizo kwa vipindi vingi, alionyesha katika makala yake ya mwaka 2005 kwamba chini ya ugomvi unaotangazwa kuna mahusiano mengi. Wanawake wa Kiturkana hupeleka kuni na makaa kambini na kurudi na nafaka, na kutokana na biashara hizo urafiki wa kweli umezaliwa. Ule mduara wa kuombana, kwa maneno mengine, umewapokea baadhi ya wakimbizi. Mfadhili hakupata nafasi hiyo.

Makanisa na misikiti yana msamiati wake. Mahubiri ya Kiswahili huuweka ubinafsi katika nafsi na dawa yake katika utumishi. Shina lake ni tuma: mtumwa, mtumishi, kutumika, kutumikia. Mtumishi kwa asili ni mwenye kutumwa, asiye na shughuli yake mwenyewe. Katika makanisa ya Kipentekoste ya leo, Lodwar na kambini vile vile, "mtumishi" limekuwa jina la cheo, na huduma, neno lililotoka katika Kiarabu kwa maana ya kutumikia, imekuwa mali: hunenwa "huduma yangu" kama isemwavyo "duka langu". Waislamu wana neno kali zaidi kwa hatari iliyo karibu na hiyo, nalo ni riya, kutenda wema ili kuonekana. Lingefaa sana katika harambee. Wito huo, uliokuwa wa watu wanaonyanyua kitu kizito kwa pamoja na ambao Kenyatta aliufanya wa taifa mwaka 1963, uliishia kuwa jukwaa ambapo jina la mtoaji na kiasi chake husomwa kwa sauti. Sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya mwaka 2003 ilibidi iwawekee maofisa mipaka katika michango hiyo. Methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, bado hutajwa pale jukwaani, aghalabu na mtu mwenye kipaza sauti.

Jambo moja bado halijapata uangalifu linaostahili. Kutokana na omba, Kiswahili huunda vitenzi viwili vya kutendana. Kuombeana ni kuombea mwenzio kwa Mungu, naye akakuombea. Ni neno la kila Jumapili, na hakuna ibada Lodwar au Kakuma isiyolitumia. Kuombana, yaani mimi nikuombe na wewe uniombe, limo katika lugha kwa kanuni iyo hiyo, lakini ni nadra kusikika mimbarini. Mwaka 2025, msaada wa nje ulipopungua na mgao wa chakula Kakuma ukakatwa sana, familia zilizodumu ziliishi kwa hicho cha pili: kikombe cha unga kwa jirani, mkopo kwa mwenye duka, kuni za mwanamke wa Kiturkana aliyekubali kulipwa baadaye. Katika ibada waliombeana. Nje ya mlango waliombana, na kwa Kiturkana kitenzi kilikuwa kimoja.